Gunia Halina Goti

Saa kumi na mbili na robo, kabla jua halijaifanya chumvi iumize macho,
tunaukokota mguu kutoka stoo ya Gongoni.
Kilo kumi na tatu na ushei: paja la chuma, goti la bawaba,
nyama ya sponji, ngozi ya mpira mweusi.
Tsofa ameuvisha soksi yake mwenyewe.
Sijamuuliza kwa nini.

Kazi yangu ni daftari.
Gari linavutwa kwa winchi, halina dereva,
na ndani ya bampa limelazwa bomba jembamba la hewa,
kila ncha ina sikio dogo la umeme.
Likigusa, lijue limegusa nini.
Lijue kabla kope haijashuka,
liinue boneti kama mtu ainuavyo mto
kumpokea anayeanguka.

Mwendo kasi ni rahisi, Tsofa huniambia,
kwenye kasi kila kitu hupiga kelele.
Taabu ni polepole:
ishirini, ishirini na tano,
mwendo wa mtu anayetafuta pa kuegesha,
anayemsalimia shemeji dirishani.
Hapo goti na debe husema kwa sauti moja.

Basi tunaligonga debe.
Tunagonga mpira, nazi, ndoo ya taka,
kunguru aliyejifia mwenyewe
(nimeandika: kunguru, gramu 310, kimya, sawa).
Gari linyamazie nazi.
Linyamazie debe.
Liseme kwa goti.
Ndiyo dini yake yote.

Mara ya kumi na tisa liliipigia ndoo kelele,
boneti ikaruka, vijana wa winchi wakacheka.
Tsofa hakucheka. Boneti ikiruka bure ni shilingi,
na kwa ajili ya shilingi mtu fulani ofisini
atapandisha kizingiti.
Ndivyo tunavyokiita: kiwango ambacho chini yake
gari halijishughulishi.
Kwetu kizingiti ni pale unapovua viatu.
Hapa ni pale unapoanza kuwa mtu.

Sijamsimulia habari za shangazi Mbeyu,
soko la Malindi, upande wa ng'onda,
pikapu ikisogea mwendo wa kobe,
naye ameinama kuokota shilingi kumi.
Dereva alishuka akiapa, na naamini aliapa kweli:
"Wallahi, nilidhani ni gunia."
Miaka kumi na moja aliishi na nyonga isiyokunjika,
kila mgeni akimuuliza,
"Hebu nitazame, nafanana na gunia?"
Mgeni akishacheka, yeye hujijibu:
"Gunia halina goti."

Leo zamu ya mguu mdogo.
Mtoto wa miaka sita, yasema karatasi.
Tsofa akatoa mfukoni soksi nyeupe yenye mstari wa kijani,
soksi ya shule, kisigino kimeshonwa,
akauvisha, akaikunja juu mara mbili,
mkono umezoea.

Ishirini na tano: boneti juu.
Ishirini na mbili: juu, ikachelewa kidogo.
Ishirini:
mguu ukalala kwenye chumvi,
gari likasimama juu yake kwa heshima zote, kimya,
kama lilivyoinyamazia nazi.

Akakagua waya. Akapuliza chumvi kwenye viungo.
Tukarudia. Kimya.
Tukarudia tena, winchi ikilia, kijana mmoja akaenda kando kuvuta sigara.
Kimya.

"Andika," akasema, "ishirini, chini ya kizingiti."

Nikaandika ishirini.
Kwenye safu ya kitu kilichogongwa,
chini ya debe, chini ya ndoo, chini ya kunguru,
nikaandika: mtoto. Ana goti.

Akasoma juu ya bega langu, soksi bado mkononi,
akiikung'uta chumvi pole pole.
Nilidhani ataniambia nifute.
Aliuliza tu kama kalamu ni ya wino.

Ni ya wino.