Gigabaiti Nne

Ilikuwa ya ofisi ya bima kule Poti;
bado ina kibandiko tumboni: 0417.
Zurabi aliniuzia kwa lari mia mbili na ishirini
akaapa kwa macho yake mawili kwamba ni nzima.
Nzima, ndiyo, kama kiatu cha mtumba:
kinatembea, ila kimeshazoea mguu wa mtu mwingine.

Kutaisi, Januari, ghorofa ya nne.
Naisoma mistari midogo chini ya picha kubwa:
mahitaji ya chini, gigabaiti nane;
yanayopendekezwa, kumi na sita.
Yanayopendekezwa!
Kama mhudumu anayekusifia samaki wa mtoni
na wewe umeshamwaga sarafu zako zote mezani.
Mimi nina nne. Mkono unafika hapo, ndipo nijikunapo.

Programu ya kwanza ilipakuliwa usiku kucha.
Asubuhi ikafunguka: vitufe vya shaba
vilivyochorwa mpaka vivuli vyake,
sindano zinazotetemeka, taa zisizomulika kitu.
Nzuri, sikatai.
Lamara akaimba sauti ya kati, ikapokelewa.
Bichiko akaweka besi chini yake,
feni ikaanza kuvuma kama mtu anayepoza supu.
Kisha nikamvisha Baba hedifoni
aimbe ya juu, ile krimanchuli
iwikayo kama jogoo aliyeamka na ugomvi.

Akaimba maneno mawili, akanyamaza.
Akaimba tena, akanyamaza, akageuka nyuma.
Sauti yake ilikuwa inazunguka ndani ya mashine,
inapanga foleni, inamrudia imechelewa
nusu ya kufumba jicho.
"Kuna bwana mwingine anaimba," aliniambia kwa adabu.
"Acha amalize kwanza."

Kumbukumbu: neno moja, maradhi mawili.
Ya mashine nilijua namba yake.
Ya Baba, daktari alichora saa, akamwomba aweke mishale,
naye akaiweka yote miwili nje ya duara.
Hajui kama leo ni Jumanne.
Jina langu siku moja hulipata, siku moja hulikosa.
Lakini nyimbo za Guria anazo, kila sauti mahali pake,
kana kwamba kuna mkono uliofunga madirisha mengine yote
ili hili moja lisikwame.

Basi nami nikafanya vivyo hivyo.
Nikaing'oa ile ya vitufe vya shaba.
Nikazima intaneti, kinga ya virusi, picha ya mandhari,
hata kile kisaa cha pembeni.
Nikajaribu ya pili
(asilimia tisini na moja ya prosesa, kwa sauti mbili tu),
ya tatu (ilidai kadi ya benki, tukaachana),
nikiandika hesabu nyuma ya risiti ya duka la dawa.
Ya nne ilikuwa ya kijivu kama fomu ya kuombea gesi,
uzito wake hauzidi picha kumi za harusi.
Hakuna sindano. Hakuna shaba.
Asilimia thelathini na nane.
Nikapunguza akiba ya sauti: mia tano na kumi na mbili,
mia mbili hamsini na sita, mia moja ishirini na nane,
taratibu, kama mtu anayekaza uzi wa panduri
huku amekunja uso akingoja ukatike.

Ilibaki feni. Nikaitoa kompyuta kwenye roshani,
nikaiweka juu ya kreti la chupa, katikati ya theluji,
waya ukapita dirishani, nikaziba mwanya kwa soksi.
Tsiuri wa ng'ambo akapaza sauti: "Umeifukuza?"
Nikamjibu inapunga upepo.

Baba akaimba.
Hakugeuka nyuma.

Kwenye ubeti wa tatu kuna kikohozi cha Bichiko,
na mlango wa lifti. Nimeviacha.
Kuvifuta kungehitaji ile programu nyingine.