Sekunde ya Kuachia

Mnada wa mbuzi, Nizwa, Ijumaa asubuhi.
Kamera imefungwa juu ya nguzo, inatazama duara
wauzaji wanavyozunguka, kamba mkononi.
Mimi niko Ghala, Maskati, Jumanne, kiyoyozi kinanguruma;
nimepewa dakika nne za video
na vitenzi ishirini na vinne.

Kazi yangu visanduku.
Namchorea mtu mstatili, naandika anachofanya,
kilianzia fremu gani, kikakoma fremu gani.
Mashine hukisia kwanza, mimi nasahihisha.
Yule anatembea. Yule ameinama.
Yule anampanua mbuzi mdomo, anahesabu meno:
halimo orodhani, basi "kushika".
Bibi wa Kibedui mwenye barakoa
imemwona "anapiga", asilimia sabini na moja.
Hampigi mtu. Anakataa bei.

Kisha mtu nambari 17.
Miaka kumi na miwili, labda.
Sekunde ya 41 mnunuzi anahesabu riali,
ya 46 zimeshaingia mfukoni mwa kanzu ndogo,
kamba imepokewa,
na mkono wa mtoto bado uko juu yake.
Mikono miwili, kamba moja,
mbuzi anatafuna upindo wa kanzu.
Mashine: "kushika". Tisini na sita. Haina wasiwasi.
Ya 58, vidole vinafunguka.

"Bi Ghaniya," huniambia Yaarub, msimamizi,
"kitendo hakina ukungu. Kina mwanzo, kina mwisho."
Haya. Kuachia: mwanzo, 58.
Narudisha nyuma. Ya 52, bega limeshashuka.
Ya 46, macho hayako tena kwa mbuzi,
yanasoma bati la paa.
Narudisha, narudisha, hadi ya 9:
ndiyo kwanza anaingia uwanjani,
kamba ameizungusha kiganjani mara tatu,
wenzake wote wanampita.

Mama yangu, mtu wa Wete,
alishuka Maskati na sanduku moja.
Lilikaa chini ya kitanda miaka arubaini na mbili.
Alitoa nguo, akatoa vyombo,
chini kabisa pakabaki kitu kwenye gazeti
ambacho hakuwahi kukifungua,
na mimi, siku ya tatu ya matanga,
nililifunga tena.

Naandika: kuachia. Mwanzo, sekunde ya 9.
Mwisho naacha wazi.
Kisanduku kinawaka chekundu;
mfumo unakataa kuhifadhi.