Nyuzi Themanini na Sita

Nimekaa dawati la nyuma, magoti yanagonga mbao,
fomu ya chuo mapajani: visanduku kumi na vinne.
Wino umeganda, naupumulia.
Juni, El Alto. Juani unaungua, kivulini unatetemeka.

Edelfrida Apaza, mwaka wa nne,
amefika alfajiri na jiko la gesi
alilolifunga ndani ya shali ya mama yake.
Koti jeupe limenyooshwa hadi mikunjo inakata.
Andalio la somo analijua kama sala.
"Maji," anasema, "huchemka kwa nyuzi mia moja,"
na anaiandika mia, sifuri zake mbili
kama zimechorwa kwa bikari.

Maji hayajasoma andalio.
Yanatokota, yanarukaruka, dirisha linaingia ukungu,
na ule uzi mwekundu umesimama
themanini na sita. Umegoma.

Yhamil, dawati la mbele, pengo la jino,
anasoma kama anayesoma bei sokoni:
"Themanini na sita, mwalimu. Na yanachemka."

Nasikia gesi ikipumua.
"Kipimajoto kibovu," anasema Edelfrida,
na masikio yanamwiva.

Jibu hilo nalijua. Nililitoa mimi,
mwaka wangu wa kwanza, Corocoro, kwa sauti kavu,
nikatupa kipimajoto kizima pipani
na darasa zima likanakili mia.
Mkaguzi alinipa alama za juu.

Umilisi wa maudhui, nasoma kwenye fomu.
Kalamu haiandiki. Wino, au mimi.

Maana yeye amegeuka.
Anatazama nje, juu ya mapaa ya mabati,
pale ambapo ardhi inakatika na jiji la bondeni linaanza,
kisha anaifuta mia kwa kiganja, dasta iko pale pale.
"Nimekosea. Kipimajoto ni kizima.
Kitabu kimeandikwa na watu wanaoishi chini.
Kwenu maharagwe huiva baada ya muda gani?"

"Kutwa!" "Hayaivi!"
"Bibi hubandika jiwe juu ya kifuniko."
"Jiwe la nini?" anauliza, na hapo
hakuna tena anayeinua mkono, wote wanasema.

Kengele. Andalio limeishia nusu,
malengo mawili hayajaguswa.
Natafuta kisanduku cha kiganja chenye chaki.
Nachora kimoja pembeni, kwa penseli.
Ofisini watakifuta.
Nakoleza mistari.