Jembe la Kuazima

Alhamisi, saa sita mchana, alisema mhubiri wa Bwera,
kipaza sauti kikakoroma hadi mpakani.
Baluku akauza mbuzi wawili kwa bei ya kuku,
akanirudishia jembe nililomwazima tangu Pasaka.
"Chukua, Biira. Huko tuendako hakuna magugu."

Nililipokea. Lilikuwa butu.

Mimi pia namngoja Bwana.
Namngoja kila ninapotia komeo,
kila ninapomwosha mpwa wangu masikio,
asije akaikuta nyumba na deni la neno baya.
Lakini saa Yake sijaiuliza.
Hata Mwana, alipokuwa nasi, alikiri hakupewa,
sembuse mtu wa Bwera
na kalenda ya duka la mbolea!

Alhamisi mvua ilinyesha. Saa sita ikapita
kama lori la kahawa, bila kusimama.

Ijumaa alfajiri, hodi. Baluku,
macho chini, mikono mitupu.
Sikumwuliza habari za mbinguni.
Jembe nilikuwa nimelinoa.
Nikampa, tukaenda kupalilia
miche itakayozaa mwaka wa tatu,
Mungu akipenda.