Daftari la Saa

Kiwanda cha sufu kilifungwa mwaka niliozaliwa.
Kuta zilibaki, zikinuka mafuta ya kondoo
hata baada ya miaka arobaini ya mvua,
na njiwa wakapanga humo bila kulipa kodi.
Nyumba za jirani zikakifuata mojamoja,
dirisha likizibwa kwa mbao, paa likibonyea,
mpaka mtaa wetu, hapa pembezoni mwa Montevideo,
ukawa kama kinywa cha mtu aliyeng'olewa meno
akasahau kukifumba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi ukuta tulikuwa nao.
Tulikosa cha kuegemea juu yake.

Tulikuwa kaya thelathini na mbili:
washona viatu, mpishi wa shule,
Wáshington Olivera aliyeachishwa kazi bandarini,
Zulma Etchart na binti zake watatu katika chumba kimoja
ambacho kodi yake ilipanda
kila mwenye nyumba alipopiga chafya.
Jiji likatupa kiwanja na magofu yake.
Benki ikatupa deni la miaka ishirini na mitano.
Chama kikatupa fundi mmoja, Don Eber,
mwenye kidole gumba kimoja na nusu.
Mikono mingine, wakasema, leteni wenyewe.
Saa ishirini na moja kwa wiki, kila kaya.

Mimi nilikabidhiwa daftari.

Julai. Upepo wa kusini. Saruji inakataa kushika.
Nélida, saa nne, tofali mia mbili na kumi.
Olivera, saa moja; alikuja na homa, tukamrudisha.
Zulma, saa sita, na ya saba hakutaka iandikwe.
Kibuyu cha mate kinazunguka,
mrija mmoja, midomo kumi na mitano,
na kwa desturi yetu asemaye "asante" ametosheka,
hapewi tena.
Ndiyo maana hapa hatushukuriani upesi.

Sharti lilikuwa moja: hakuna ajuaye nyumba yake.
Zitapigiwa kura siku ya mwisho.
Basi unajenga jiko la mtu,
unasawazisha kizingiti
atakachovuka mtoto usiyemjua, au unayemjua
na humpendi mama yake.

Sasa niseme nisichoandika.
Katika mkutano wa Machi Zulma alisimama
akasema kalamu yangu huwaonea huruma ndugu zangu
kuliko watu wengine.
Ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliuma.
Jumamosi ile nikapangiwa ukuta wa chumba cha kulala,
nyumba namba kumi na tisa,
nikaupandisha bila timazi,
tofali juu ya tofali, neno juu ya neno.
Don Eber akapita, akafumba jicho moja.
"Unainama," akasema. "Ubomoe, au mtu atalala nao."
Nikangoja aende.
Nikaupiga lipu.

Vikaratasi tuliviweka ndani ya helmeti ya Olivera.
Mtoto wa Nélida akatumbukiza mkono.
Kumi na tisa: Etchart.
Zulma akalia, akakumbatia kila aliyekuwa karibu,
na aliyekuwa karibu nilikuwa mimi.

Siku tisa sikulala.
Ya kumi niligonga mlango wake
na nyundo, patasi, ndoo mbili.
Maneno sikuwa nayo. Nikaning'iniza uzi tu.
Timazi ikayumba, ikayumba, ikatulia
vidole viwili mbali na ukuta.
Akautazama uzi. Akanitazama.
Akaenda kuchemsha maji.

Tulibomoa mpaka usiku.
Binti zake walipokea tofali,
wakazikwangua, wakazihesabu kwa sauti,
mdogo akiruka kumi na saba kila mara.
Daftari lilikuwa limekwisha kufungwa;
saa hizo hazimo popote.

Akanipa kibuyu.
Nikavuta mpaka mrija ukakoroma,
nikamrudishia, vumbi la lipu midomoni,
wala sikusema asante.