Miwani ya Mama

Wiki tatu sasa mimi ndiye mwalimu mkuu.
Vyombo vikishaoshwa, navaa miwani ya Mama,
dunia inayumba kidogo,
naketi upande wa pili wa meza
na kumwita ndugu yangu kama mgeni:
Ombui Moseti, karibu.

Anaingia akitokea jikoni,
kiatu kimoja kimefungwa. Baba anamrudisha.
Ingia tena. Kichwa juu. Mkono kwanza, jina baadaye,
na usifute pua kwa mkono wa kusalimia.
Mara ya tano anabisha mlango wa kabati.
Tunacheka, hata Baba,
kisha anakumbuka karo, anaacha.

Karatasi ya maswali tulichapishiwa kwa shilingi kumi
na Nyakeri wa saiba, mkabala na soko.
Swali la kwanza: Ukikua unataka kuwa nani?
Bawabu wa usiku.
Baba anafumba macho.
Kwa nini? nauliza, ingawa karatasi haikunituma.
Kwa sababu Barmasai anawajua mbwa wote wa Kiti
kwa sauti zao, na akikohoa
wao pia wanajua ni yeye.
Sema rubani, anasema Baba.
Rubani, anasema Ombui,
kama anayemeza dawa ya minyoo.

Swali la pili: Baba yako anafanya kazi gani?
Hapa meza hunyamaza.
Baba anachomelea rejeta kule Shabab,
moto umemwandika vidole vyote kumi.
Tulijaribu mhandisi.
Tulijaribu mfanyabiashara wa magari.
Tulijaribu mtaalamu wa mifumo ya kupoza injini,
Ombui akakwama katikati, akaomba maji.
Mama, anachambua maharagwe, hainui uso:
Anaziba yanayovuja. Kwani ni uongo?

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilimsikia Baba bafuni,
bomba limefunguliwa makusudi, maji tunayoyalipia,
akikisalimia kioo kwa Kiingereza.
Akijiuliza hali. Akijijibu.
Akianza tena.

Shule iko nje ya mji, ukishapita Lanet,
nyasi zake zimenyolewa kuliko sisi.
Baba alivaa koti la binamu wa kwaya,
mikono ilimfika kwenye viganja, akaificha mezani.
Mama alibeba ndizi tatu mkobani, hatukumuuliza.
Mwalimu mkuu wa kweli hakuwa na miwani.
Hakuuliza hata swali moja la Nyakeri.
Alimwangalia Ombui kwa muda, akamuuliza:
Una njaa?

Nilimwona Baba akiitafuta hiyo kichwani,
ukurasa wa kwanza, wa pili, nyuma ya ukurasa.
Ombui alimtazama Mama. Mama alitazama mkoba.
Ndiyo, alisema, lakini tumekuja na ndizi.

Walizungumza. Juu ya mbwa, nadhani,
maana Ombui alibweka mara mbili, sauti tofauti,
na Baba akavuta pumzi kama tairi lililochomwa.
Kisha yule mama akanigeukia mimi,
mimi niliyeletwa ili familia ionekane imekamilika,
mwenye sare ya shule ya kutwa na pindo lililoshushwa mara mbili.
Na wewe, dada, ungependa nini?

Kimya.
Hakuna aliyenifanyisha mazoezi.
Nilisema ukweli uliokuwa karibu:
Mimi huwa ndiye ninayeuliza.

Barua haijaja. Baba amerudisha koti,
na kila simu ikilia anajifuta mikono kwanza.
Jana, vyombo vikishaoshwa,
nilimkuta Ombui upande wa pili wa meza,
miwani ya Mama imemteremka puani,
karatasi ameishika juu chini.
Bosibori Moseti, akaita, karibu.

Nilikuwa peku, mikono ina povu.
Nikarudi jikoni,
nikaingia tena.