Baada ya Hapo

Fishi ya kitanda cha kumi na nne imenifikia saa tisa
ikiwa na duara la chai mgongoni
na mwandiko wa Daktari Lwabanji unaokimbia
kama mtu aliyekutwa na mvua Kadutu bila mwavuli.

Kifaransa chake ni kifupi. Nakigeuza kichwani:
Nsimire Cirhuza, miaka hamsini na miwili. Ini.
Tumbo limejaa maji. Tumetoboa palepale kitandani,
upande wa kushoto, lita nne, rangi ya majani makavu.
Baada ya hapo, damu.

Baada ya hapo.
Nimelikalia neno hili kama kiti chenye msumari.

Maana kitabu changu cha namba, kilichopoteza jalada,
hakijui baada. Kinajua kwa sababu.
Kama ni sindano iliyoifungulia damu mlango,
naandika T themanini na moja, nukta sifuri.
Kama ni ini lililochoka, damu iliyosahau kuganda,
ambayo ingekuja hata asingeguswa na mtu,
natafuta ukurasa mwingine.
Na nisipojua
ipo R hamsini na nane: damu isiyo na baba.

Kukisia siruhusiwi.
Nalipwa kusoma kilichoandikwa, si kilichotokea.

Umeme umekatika. Napanda ngazi na fishi kwapani.
Yuko koridoni, anakula mkate amesimama.

«Dokta, hii damu ilikuja nyuma ya sindano,
ao ilitoka kwa sindano?»

Anatafuna. Anaangalia mkono wake wa kulia,
kisha dirisha, ambako ziwa linaonekana kipande tu
kati ya mabati mawili.

«Uliona plaketi zake, Mama Mugoli?»
«Niliona. Lakini kuzifunga pamoja na damu si kazi yangu.
Ni yako.»
«Wataniuliza.»
«Namba haiulizi, Dokta. Inahesabu.»

Sikuwa na hakika na hilo nililolisema.

Ameweka mkate juu ya dirisha, amepangusa vidole,
ameomba biro yangu.
Maneno matatu tu, pembezoni: kutokana na utoboaji.
Ni mara ya kwanza katika miaka tisa
nimesoma mwandiko wake bila kuinamisha kichwa.

Nikishuka nampita binti ya mgonjwa penye bomba,
anasugua shuka. Doa limebaki na ukingo wa kahawia,
kama ramani ya kisiwa. Hakuniuliza kitu.
Kwake shuka ilikuwa safi, sasa si safi, sabuni imeisha.

T themanini na moja, nukta sifuri. Nimeandika.
Mwisho wa mwezi itapanda kwenye safu pamoja na wenzake,
itakwenda Kinshasa bila jina, bila kidole kilichotetemeka.

Na juu, kitanda cha kumi na nne,
Nsimire amekaa, anakataa uji.
Anataka chumvi. Amekatazwa.
Anaitaka hivyohivyo.